Wa Shelisheli Tu: Viumbe Wasiopatikana Kwingine na Namna Walivyofika Hapo

Desemba 2004 kobe mkubwa alitoka baharini na kupanda ufukweni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Hakuwa kasa. Alikuwa kobe wa nchi kavu, wa spishi ya Aldabra, amekonda sana, na miguuni mwake walikuwa wameota wale viumbe wadogo wenye magamba wanaojigandisha kwenye mashua na nguzo za gati. Ukubwa wa viumbe hao ulionyesha kwamba alikuwa ameelea majini kwa wiki kadhaa. Kutoka Aldabra, kisiwa cha mbali cha Shelisheli, hadi pwani ya Tanzania ni kilomita 740 hivi.

Tukio hilo linaleta fumbo. Ikiwa kobe anaweza kuvuka bahari na kufika hai, mbona Shelisheli ina orodha ndefu ya mimea, wanyama na kuvu ambazo hazipo mahali pengine popote duniani? Nchi yenyewe ni visiwa 115, na ukikusanya ardhi yake yote unapata kilomita za mraba 455 hivi, eneo lisilofikia theluthi moja ya Unguja. Jibu jepesi ni kwamba visiwa vimetengwa na bahari. Jibu hilo si la uongo, ila linachanganya mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Miongoni mwa viumbe wa Shelisheli wapo waliokuwa hapo kabla ya kuwepo kisiwa chochote, wapo waliokuja kwa kuelea, na wapo ambao tunawaita wa Shelisheli kwa sababu tu hakuna aliyewatafuta kwingine.

Wanabiolojia huwaita viumbe wa namna hii endemiki: spishi ambayo kwa asili haipatikani ila katika eneo fulani. Neno la kushika hapo ni "kwa asili". Kobe wanaotembelewa na watalii kisiwani Changuu, Zanzibar, ni wa Aldabra pia. Wanne wa kwanza walipelekwa huko mwaka 1919 kama zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli. Kuwepo kwao Changuu hakuwaondolei hadhi ya kuwa wa Aldabra, maana walipelekwa na binadamu. Vilevile mche wa Shelisheli uliopandwa katika bustani ya mimea huko Ulaya hauhesabiki.

Tatizo zaidi ni neno "nchi". Mwaka 1965 Uingereza iliunda himaya mpya ya Bahari ya Hindi na kuikatia Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli. Visiwa hivyo vilirudishwa mwaka 1976, Shelisheli ilipopata uhuru. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 10 kobe wa Aldabra na ndege wa Aldabra hawakuwa wa Shelisheli kwa mujibu wa karatasi, ingawa hakuna hata mmoja aliyesogea hatua moja. Mpaka wa nchi ni mambo ya wanasiasa. Kiumbe mwenyewe ana kisiwa chake, mlima wake, pengine bonde moja tu. Mti uitwao Pisonia sechellarum upo Silhouette. Minazi ya kokodmer ya asili ipo Praslin na Curieuse. Tunaposema "wa Shelisheli tu", mara nyingi tunamaanisha eneo dogo zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye mawe, kwa sababu huko ndiko fumbo linakoanza kufumbuka.

Visiwa vingi vilivyo katikati ya bahari ni vya volkano au vya matumbawe. Vilizuka majini vikiwa vitupu, na kila kilichomo kilikuja baadaye. Aldabra ni ya namna hii. Lakini Mahé, Praslin, La Digue na wengi wa majirani zao ni graniti, mwamba wa bara, wenye umri wa miaka milioni 750 hivi. Ni kipande cha bara kuu la kale la Gondwana. Madagaska, India na Shelisheli viliondoka Afrika vikiwa pamoja. Kisha India na Shelisheli zikaachana na Madagaska. Na mwisho, miaka milioni 65 hivi iliyopita, India ikaiacha Shelisheli nyuma na kuendelea na safari yake kwenda kugonga Asia. Sehemu kubwa ya kipande kilichobaki ilizama. Vilele ndivyo visiwa vya leo, kirefu kuliko vyote kikiwa Morne Seychellois, mita 905.

Maana yake ni kwamba baadhi ya viumbe hawakuhitaji kufika. Walikuwa juu ya ardhi hiyo ilipokatika.

Ushahidi bora ni vyura. Chura na chumvi havipatani. Ngozi yake hupitisha maji, na maji ya bahari humuua upesi. Shelisheli ina familia nzima ya vyura, Sooglossidae, yenye spishi nne ambazo hazipo kwingine. Mmoja wao, Sechellophryne gardineri, akikomaa ana urefu wa milimita 11 hivi na anaishi kwenye majani makavu ya misitu ya Mahé na Silhouette. Hana sikio la kati wala kiwambo cha sikio, na kwa muda mrefu ilidhaniwa ni kiziwi, jambo la ajabu kwa chura anayelia. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba uwazi wa kinywa chake hukuza sauti na kuipeleka kwenye sikio la ndani. Anasikia kwa mdomo. Wala hahitaji kidimbwi: mayai hutagwa nchi kavu na kutoa vijichura vilivyokamilika.

Ndugu wa karibu zaidi wa familia hii alijulikana kwa sayansi mwaka 2003 tu. Hakuwa Afrika wala Madagaska. Alikuwa katika milima ya Western Ghats, India: chura mnene wa rangi ya zambarau, mwenye pua iliyochongoka, anayeishi ardhini karibu mwaka mzima na kutoka wakati wa mvua kuzaliana. Ukiwaweka pamoja hutadhani wana babu mmoja. Vinasaba vinasema wanaye, na kwamba waliachana tangu zama za dinosaria. Mabara yalipoachana, vyura waliachana nayo.

Hadithi hiyo ni tamu kiasi kwamba watu wengi huiishia hapo, kana kwamba kila kiumbe wa Shelisheli ni mabaki ya Gondwana. Hapa ndipo makosa huanzia. Katika misitu hiyohiyo yupo chura wa mitini, Tachycnemis seychellensis, naye ni wa Shelisheli tu, naye anaogopa chumvi vilevile. Lakini ndugu zake wapo Madagaska, na vinasaba vyao vinakaribiana mno kwa viumbe walioachana na Gondwana. Mababu zake walivuka bahari, na njia inayofikirika ni kwamba walisafiri juu ya gogo au kichaka kilichong'olewa na mto wenye mafuriko na kusukumwa hadi baharini. Jambo hili likitokea mara moja katika mamilioni ya miaka, linatosha.

Kinyonga wa Shelisheli aliwapoteza wataalamu kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na vinyonga wa Madagaska, kwa kuwa Madagaska ndiyo makao makuu ya vinyonga na ndiyo iliyo karibu zaidi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ndugu zake wako Afrika Mashariki. Kaa wa maji baridi wa Shelisheli, Seychellum alluaudi, ana kisa kinachofanana: jamaa zake ni kaa wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Deckenia, wanaoishi nyanda za pwani ya Kenya, Tanzania na Somalia. Mikondo ya bahari ya kale, tofauti na ya leo, inaonekana iliwahi kuelekea huko kutoka kwetu.

Jina hilo Deckenia linachekesha kidogo. Shelisheli kuna mti wa jamii ya minazi unaoitwa Deckenia nobilis. Mti na kaa wote wawili waliitwa hivyo kumkumbuka Karl von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro miaka ya 1860 na kuuawa Bardera, Somalia, mwaka 1865. Sheria za kutaja mimea na za kutaja wanyama ni mbalimbali, kwa hiyo jina moja linaruhusiwa kutumika pande zote mbili. Anayetafuta habari za kaa asishangae kuletewa mnazi.

Na kuhusu hiyo jamii ya minazi: Shelisheli ina spishi sita za asili, na kila moja iko peke yake katika jenasi yake. Hakuna binamu. Kiumbe anapokuwa mpweke kiasi hicho katika ukoo, kuna njia mbili za kulisoma jambo hilo. Pengine ni mkongwe ambaye ndugu zake wa kwingine wamekufa wote. Au pengine ni mgeni aliyebadilika sana mpaka hafanani tena na alikotoka. Upweke wenyewe haukuambii ni ipi.

Maarufu kati ya sita hizo ni kokodmer, Lodoicea maldivica. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote katika ulimwengu wa mimea. Inaweza kuzidi kilo 17, na tunda huchukua miaka sita au zaidi kukomaa. Kwa karne nyingi maganda yake yaliokotwa fukwe za Maldivi na India, hakuna aliyejua mti uliko, na watu wakaamini unaota chini ya bahari. Wazungu waliuona Praslin mwaka 1768, lakini jina la Maldivi lilibaki nalo. Kinachonifurahisha ni kwamba huu unaoitwa mnazi wa bahari ndio usioweza bahari. Mbegu nzima, mbichi, huzama. Zinazoelea ni zile zilizooza ndani, na hizo hazioti tena. Mnazi wa kawaida umezunguka nusu ya dunia kwa sababu nazi yake huelea ikiwa hai. Kokodmer imebaki Praslin na Curieuse kwa sababu yake haiwezi.

Lakini kwa nini mti ujitwishe mzigo huo? Sehemu ya jibu ilitolewa na utafiti wa mwaka 2015. Udongo wa Vallée de Mai, bonde la Praslin lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1983, ni maskini sana wa naitrojeni na fosforasi. Majani ya kokodmer ni makubwa na yamejikunja kama faneli. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye shina pamoja na chavua, kinyesi cha ndege na majani yaliyooza, na kuurutubisha udongo wa shinani. Mama hujikusanyia chakula, kisha hukitia katika mbegu chache kubwa ambazo zitaanguka karibu naye. Mche unaoanza na akiba ya namna hiyo unaweza kukua kivulini kwa miaka. Mfumo huu hufaa pale tu pasipo na mnyama mkubwa wa kubeba mbegu na pasipo na haja ya kufika mbali, yaani kisiwani.

Aldabra inatoa mfano mwingine wa kisiwa kinachounda viumbe wake, na huu ndio niupendao kuliko yote. Yupo pale ndege wa jamii ya kukuziwa asiyeruka, Dryolimnas aldabranus, ndege wa mwisho asiyeruka aliyebaki katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mababu zake waliruka kutoka Madagaska. Utafiti wa visukuku uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba miaka 136,000 hivi iliyopita bahari ilipanda na kuizamisha Aldabra yote. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na ndege wa aina hii asiyeruka, alikufa maji. Bahari iliposhuka, wenye kuruka walikuja tena kutoka Madagaska, na mabawa yao yakadhoofu tena. Kisiwa kilitengeneza ndege yuleyule mara mbili.

Basi orodha ya "hapa tu" inabadilika kwa miaka mingi namna hiyo. Lakini hubadilika pia kwa kalamu, na hili halisemwi vya kutosha. Kasuku mweusi wa Praslin, ndege wa taifa, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa nususpishi ya kasuku wa Madagaska na Komoro. Alipotambuliwa kuwa spishi kamili, Shelisheli iliongeza ndege mmoja kwenye orodha yake bila yai lolote kuanguliwa. Mti wa Medusagyne, ambao matunda yake yakipasuka hufanana na konyeza wa baharini, ulikuwa na familia yake peke yake, jambo kubwa mno kwa nchi ndogo. Siku hizi umeingizwa katika familia kubwa ya Ochnaceae. Heshima imepungua, mti ni uleule. Uliwahi kudhaniwa umetoweka kabisa, mpaka mwaka 1970 ilipopatikana miti michache Mahé. Bundi wa Mahé naye alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1959.

Kuvu ndizo zinazoonyesha udhaifu wa orodha hizi kuliko kitu kingine. Ndege humwona na kumsikia. Kuvu nyingi huishi ardhini kama nyuzi nyembamba, na zingine hazitoi uyoga wa kuonekana. Miti kadhaa haiwezi kustawi bila kuvu zinazoshikamana na mizizi yake na kuipa maji na madini, nazo hulipwa sukari. Mmoja wa miti hiyo ni Vateriopsis seychellarum, mti wa Mahé ulio peke yake katika jenasi yake, wa familia inayotawala misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2007 watafiti walichunguza vinasaba vya kuvu za mizizi yake na za mti mwingine wa asili, Intsia bijuga. Walikuta kwamba baadhi ya kuvu hizo zimehamia kwenye mikaratusi iliyoletwa na binadamu, lakini hazikuhamia kwenye misonobari iliyoletwa pia. Mwaka 2010 zilielezwa spishi mpya za jenasi Tomentella, zilizotolewa kwenye mizizi ya miti ya Pisonia.

Je, hizo ni za Shelisheli tu? Spora za kuvu ni nyepesi na upepo huzibeba mbali. Zaidi ya hapo, ili useme kitu hakipo kwingine ni lazima kwingine pawe pamechunguzwa, na mizizi ya miti ya Madagaska, Komoro au pwani yetu haijachimbwa na kupimwa kwa bidii ileile. Mimi ningekubali kwa urahisi zaidi kuvu ya Pisonia sechellarum, mti wa Silhouette tu, kuliko ya Pisonia grandis, mti ulioenea visiwa vingi vya Hindi na Pasifiki na ambao matunda yake yenye ulimbo hunata kwenye manyoya ya ndege wa baharini na kusafiri nao. Kuvu nayo inaweza kuwa ilifika kwa safari hizohizo. Kwa sasa "endemiki" kwenye orodha ya kuvu isomwe kama "haijaonekana kwingine".

Yote haya yana matokeo katika uokoaji wa viumbe, maana dawa ya mmoja haimfai mwingine. Mwaka 1968 kindege Acrocephalus sechellensis alikuwa amebaki kisiwa kimoja tu, Cousin, kisichofika hektari 30, na idadi yake haikufika 30. Kisiwa kilinunuliwa na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, lile ambalo sasa linaitwa BirdLife, minazi iliyopandwa ikapunguzwa, msitu wa asili ukarudi. Baadaye baadhi walihamishiwa Aride, Cousine, Denis na Frégate, visiwa visivyo na panya wala paka. Leo wamepita 3,000. Pi santez, ndege mweusi mwenye baka jeupe bawani, alifuata njia hiyohiyo: miaka ya 1960 walikuwa hawafikii 20, wote Frégate, sasa wako visiwa kadhaa. Ndege hawa walikuwa wa kisiwa kimoja kwa sababu ya paka na panya, si kwa sababu ya maumbile yao. Ukiwaondolea adui, wanaenea.

Chura wa milimita 11 huwezi kumfanyia hivyo. Anahitaji unyevu wa msitu wa mlimani, na Denis ni kisiwa bapa cha matumbawe. Popo wa Shelisheli, Coleura seychellensis, ambaye wamebaki pungufu ya 100, anahitaji mapango yenye utulivu. Medusagyne hutoa mbegu lakini miche porini ni nadra.

Halafu kuna mdalasini. Uliletwa katika karne ya 18 ili ufanyiwe biashara ya viungo, ukatoroka mashambani, na leo umetawala sehemu kubwa ya misitu ya Mahé. Mimea mingi ya hapo tu, ukiwemo ule unaonasa wadudu kwa vikombe vyake, Nepenthes pervillei, imejibanza kwenye majabali ya graniti ambako udongo ni haba na mdalasini hushindwa kusonga. Wa mara ya kwanza kusikia habari hii atauliza kwa nini usifyekwe wote. Sababu ni kwamba matunda yake sasa ni chakula kikubwa cha shorewanda wa Shelisheli na njiwa wa bluu, ambao nao hawapatikani kwingine. Njia iliyojaribiwa ni kufungua vipenyo vidogo msituni na kupanda miti ya asili humo, kidogo kidogo, ili ndege waendelee kula mdalasini mpaka miti hiyo ianze kuzaa.